Karte, Shamba na Kamyo: Ugomvi wa Wahutu na Watutsi ulifikaje Kivu?

Bon wandugu, kila mara tukizungumza juu ya vita vya huku kwetu, Butembo ao Beni, hakukosi mtu wa kusema: "Wahutu na Watutsi walizaliwa na chuki, iko ndani ya damu yao." Nimesikia maneno hayo hata kwa watu wenye lisansi. Mimi niko agronome, si mwanahistoria, lakini chuki hii ina tarehe, ina karatasi, na kwa upande wetu wa Kivu ina shamba ndani yake.

Tuanzie Rwanda. Wahutu, Watutsi na Watwa wanasema lugha moja na waliishi kwenye vilima vilevile. Ukoo kama Abasinga, Abagesera ao Abazigaba una Wahutu na Watutsi pamoja. Tofauti ilikuwako, tusidanganyane: kulikuwa wenye ng'ombe na wenye jembe, na chini ya Mwami Rwabugiri, mwisho wa karne ya 19, kazi ya bure kwa shefu iliwaangukia Wahutu. Lakini mtu aliweza kupanda ao kushuka. Tena, sehemu nyingi zilikuwa na mashefu watatu: wa ardhi, wa malisho na wa jeshi. Shefu wa ardhi mara nyingi alikuwa Muhutu. Mkulima akionewa na mmoja, anakimbilia kwa mwingine.

Wabelgiji waliingia 1916 wakiwafukuza Wajerumani, na mpango huo wakauona kama fujo. Kati ya 1926 na 1931 wakaunganisha vyeo vitatu kuwa kimoja, wakakipa Watutsi. Kwa nini wao? Sababu Mwingereza Speke alikuwa ameandika tangu 1863 kwamba watawala wa Maziwa Makubwa walitoka upande wa Ethiopia, ni kusema walikuwa karibu na Wazungu kuliko weusi wengine. Basi wakaanza kupima pua na urefu, kama sisi tunavyopima mahindi ya majaribio. Mwami Musinga, aliyewasumbua, wakamtoa 1931. Kwenye hesabu ya watu ya 1933-1934 wakaandika kabila juu ya karte ya kila mtu, na mtoto akafuata ya baba yake. Kupanda na kushuka kukaisha hapo. Kufika 1959, mashefu 43 kati ya 45 walikuwa Watutsi, na mashefu wadogo 549 kati ya 559.

Sasa jiweke mahali pa mkulima Muhutu. Anayemlazimisha kulima kahawa ni shefu Mutusi, anayemtuma barabarani kufanya kazi bila franka ni huyohuyo. Mbelgiji yuko nyuma, haonekani sana. Hasira itaenda wapi? Na Watutsi wengi nao walikuwa maskini tu, lakini karte iliwahesabu kama wakubwa. Kisha, Watutsi wasomi walipoanza kudai uhuru, Mbelgiji akageuka: baada ya machafuko ya Novemba 1959, Kolonel Logiest akaondoa mashefu Watutsi na kuweka Wahutu. Neno lenyewe halikufutwa. Serikali ya uhuru ya 1962 ililiacha juu ya karte, na mu 1994 kwenye mabariere ndilo lililosomwa kabla ya panga. Zaidi ya watu 800,000 walikufa kwa siku 100 hivi, wengi Watutsi, pamoja na Wahutu waliokataa. Mbelgiji hakushika panga siku hizo. Waliopanga na waliochinja walikuwa Wanyarwanda, na hatia ni yao.

Na Kivu? Watu wa Bwisha, kule Rutshuru, walikuwa wanasema Kinyarwanda mbele mipaka ya 1910 kuchorwa. Lakini Masisi ni hadithi ingine. Wazungu wa Kivu walikosa wafanyakazi wa maplantasio, na Rwanda ilikuwa imejaa watu na njaa. Kwa hiyo kuanzia 1937 leta ikaanzisha kazi ya kuhamisha watu, iliyoitwa MIB, mpaka 1955. Zaidi ya watu 80,000 waliletwa hivyo, Wahutu na Watutsi. Pale Gishari wakaundiwa sheferi yao juu ya ardhi ya Wahunde. Kisha 1957 Mbelgiji huyohuyo akaivunja, na watu wakabaki palepale, bila shefu wao, wakilima udongo ambao wenyeji walisema ni wa babu zao.

Hapa njo agronomi inaingia. Kwetu, shamba linapatikana kupitia shefu: unampelekea mbuzi, anakutambua. Asiye na shefu hana udongo wa hakika, hata akiulima miaka 50. Sheria ya ardhi ya 1973 ilisema ardhi yote ni ya leta, ndipo wenye pesa wakachukua vyeti juu ya vichwa vya wakulima. Uraia nao ukatolewa 1972, ukarudishwa nyuma 1981. Machi 1993 damu ilimwagika kwenye soko la Ntoto, Walikale, mwaka mzima mbele ya genosidi ya Rwanda. Kwa hiyo anayesema ugomvi ulivuka mpaka pamoja na wakimbizi wa Julai 1994 anasema nusu. Wakimbizi, na Interahamwe katikati yao, walimwaga petroli kwenye moto uliokuwa unawaka tayari.

Nimeandika haya sababu ya makamyo. Tumeyaona yakipita Butembo na Beni, yamejaa watu wanaosema Kinyarwanda, wanaenda kutafuta mashamba kusini mwa Irumu. Mara ingine wamezuiwa njiani. Naelewa uoga: tangu Oktoba 2014 Beni inazika watu, na Miriki ilichinjwa Januari 2016. Lakini swali letu kwa hao watu limekuwa "wewe ni kabila gani?", wakati swali la maana ni nani kawapa shamba, kwa karatasi gani, na anayelilima leo ataenda wapi. Hilo mtu wa kadastre na shefu wanaweza kulijibu. Wenye wazee waliofanya kazi kwenye plantasio za Lubero ao Masisi, waulizeni nani alikuwa anaandika majina, mtuletee hapa.