Ramani ya mabomba kwenye kompyuta inasaidia nini?

Bomba la maji likipasuka, fundi lazima ajue haraka afunge valvu ipi. Sehemu nyingi ujuzi huo umo kichwani mwa fundi mkongwe. Akistaafu, anaondoka nao.

Ramani ya kidijitali inauhifadhi. Fundi anafika kwenye kila valvu, mita na chemba ya majitaka, anapima mahali ilipo kwa kifaa cha GPS, kisha anaandika ukubwa wa bomba na mwaka lilipolazwa. Kompyuta inaonyesha nyumba zitakazokosa maji valvu ikifungwa, na mahali bomba la maji safi linapopita karibu na la majitaka. Hapo pana hatari: presha ikishuka, uchafu unaweza kupenya kwenye nyufa na kuingia katika maji ya kunywa.

Vijijini nako, mwanzoni mwa miaka ya 2010 Tanzania iliweka kwenye ramani zaidi ya vituo 70,000 vya kuchotea maji. Ilionekana kuwa vingi havitoi maji.

Ramani isiyosahihishwa hupotosha. Kwa hiyo tunawaomba, wasikilizaji wetu: mkiripoti bomba linalovuja, tajeni namba ya mita iliyo karibu au jina la kituo.