Kutambua mimea ya mwituni Uingereza

NCHINI Uingereza, kulitambua gugu la kando ya njia huweza kuwa suala la uhai na mauti. Mimea miwili, Anthriscus sylvestris na Conium maculatum, hushabihiana mno: yote huchanua maua madogo meupe yaliyojikusanya mithili ya mwavuli. Hata hivyo, shina la Conium halina vinyweleo, nalo lina madoa ya zambarau. Sumu yake hulemaza misuli ya kupumua.

Ndiposa anayeanza hategemei picha pekee. Hukagua shina, majani, mbegu na mahali mmea ulipoota, kisha huwauliza wenzake wazoefu. Chama cha wapenzi wa mimea wa Britain na Ireland, BSBI, kilichoasisiwa 1836, kina wanachama wa kujitolea wanaohakiki kumbukumbu za kila eneo. Maeneo hayo, 112 kwa upande wa Britain, yaligawanywa na Hewett Cottrell Watson mwaka 1852.

Kumbukumbu hizo ndizo zilizozaa atlasi ya mwaka 2023, iliyobainisha kwamba zaidi ya nusu ya mimea asilia ya Britain imepungua tangu miaka ya 1950. Jina likikosewa, mmea adimu huweza kutoweka pasipo yeyote kujua.