Utando Uliokwanguliwa: Jinsi Siri ya Kulegea kwa Mishipa ya Damu Ilivyofichuka

Tangu William Murrell alipochapisha matokeo yake huko London mwaka 1879, madaktari walituliza maumivu ya kifua yatokanayo na moyo kukosa damu ya kutosha kwa nitrogliserini, kemikali ileile iliyomo katika baruti za Alfred Nobel, bila kujua ni kwa njia gani hulegeza misuli laini, yaani ile misuli isiyotii hiari ya mtu ambayo imo katika kuta za mishipa na huamua upana wake. Ni mwaka 1977 tu ambapo Ferid Murad, nchini Marekani, alionyesha kuwa gesi ya nitriki oksidi huamsha kimeng'enya kimoja ndani ya seli, akapendekeza kwamba dawa hiyo hufanya kazi kwa kuitoa gesi hiyo.

Swali zito zaidi lilihusu ishara ambayo mwili wenyewe hutumia kulegeza mishipa. Robert Furchgott wa Brooklyn, New York, alikuwa amezoea kuona asetilikolini, kemikali inayopeleka ishara za neva, ikikaza vipande vya aota, mshipa mkuu wa damu, ya sungura, ilhali katika mnyama aliye hai kemikali hiyo hupanua mishipa. Mwaka 1978 jaribio moja lilifanywa kinyume cha maelekezo yake, na mshipa ukalegea. Naye, badala ya kulitupa kama ambavyo wengi wangefanya, alilifuatilia hadi akabaini kwamba utayarishaji wa vipande vya awali ulikuwa umekwangua endotheli, utando wa safu moja ya seli unaotanda ndani ya mshipa. Kipande kisicho na utando huo kililegea kilipobanwa uso kwa uso na kilicho nao, ushahidi kwamba kitu fulani kilivuka kutoka kimoja hadi kingine. Yeye na John Zawadzki walitangaza hayo mwaka 1980.

Mwaka 1986 Furchgott na Louis Ignarro, kila mmoja kivyake, walidai kuwa kitu hicho ni nitriki oksidi, na mwaka uliofuata kundi la Salvador Moncada, nchini Uingereza, likathibitisha kwamba endotheli huitoa. Gesi hupenya hadi kwenye msuli, kimeng'enya kile alichokionyesha Murad kikazalisha GMP ya mzunguko, molekuli inayopeleka ujumbe ndani ya seli, kalsiamu ikapungua na msuli ukalegea.

Tuzo ya Nobel ya mwaka 1998 iliwaendea Furchgott, Ignarro na Murad. Kuachwa kwa Moncada kulilalamikiwa, na si bila sababu. Mwaka huohuo Marekani iliidhinisha sildenafili, dawa inayozuia GMP hiyo isivunjwe, na ndiyo maana mgonjwa hukatazwa kuichanganya na nitrogliserini, kwani shinikizo la damu laweza kushuka kiasi cha kuua.