MAJIVU YA FREDDIE MERCURY YAKO WAPI?

Nyota wa bendi ya Queen alizaliwa Mji Mkongwe, Zanzibar, mwaka 1946, kwa jina la Farrokh Bulsara. Baada ya Mapinduzi ya 1964 familia ikahamia Uingereza. Alifariki London tarehe 24 Novemba 1991, mwili ukachomwa moto.

Majivu alikabidhiwa mwanamke aliyewahi kuwa mchumba wake. Kwa maelezo ya mama huyo, marehemu hakutaka mtu aje kumfukua, hivyo mahali pawe siri. Akakaa nayo nyumbani kama miaka miwili, halafu siku moja akatoka nayo kimyakimya, peke yake. Hadi leo hajapataja hadharani.

Basi maneno yakaanza: mara Zanzibar, mara Uswisi. Mwaka 2013 kibao chenye jina lake la kuzaliwa kilionekana makaburi ya Kensal Green, London, baadaye kikaondolewa.

Mashabiki wamebaki na sanamu ya Montreux, Uswisi, tangu 1996, na makumbusho ya Shangani, Zanzibar. Kaburi la kuwekea ua hakuna.

Wadau, wewe ungeweza kuibeba siri hiyo miaka yote?