Bwawa la Masinga na Wenye Mto Tana

Wazee wetu na wanachama wenzetu, pamoja na hesabu za mwaka twaona vema kuweka hapa historia fupi ya Bwawa la Masinga. Wengi wetu huenda kulitazama siku za mapumziko pamoja na jamaa zetu, na si haki kulisifu ziwa pasipo kujua lilivyopatikana.

Mto Tana ndio mrefu kuliko mito yote ya Kenya. Maji yake hutoka Mlima Kenya na milima ya Aberdare, hupita nchi kavu, kisha huingia Bahari ya Hindi karibu na Kipini, mwendo wa kilomita zipatazo 1,000. Wakati nchi yetu ilipopata uhuru, sehemu ya umeme wetu ilitoka Jinja, Uganda, ambako bwawa la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954. Serikali ikaazimu kuutumia Mto Tana. Bwawa la Kindaruma lilianza kazi mwaka 1968, Kamburu mwaka 1974, na Gitaru mwaka 1978.

Lakini mto hupungua wakati wa kiangazi, na mashine hazizunguki bila maji. Kwa sababu hiyo likajengwa Masinga, upande wa juu wa hayo yote, likamalizika mwaka 1981. Kazi yake kubwa ni kuwa ghala: hupokea maji ya mvua na kuyaachilia kidogo kidogo kwa mabwawa yaliyo chini yake, ambayo tangu mwaka 1988 ni pamoja na Kiambere.

Ziwa hilo, lililo baina ya Machakos na Embu, lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 120. Mamlaka ya Maendeleo ya Mito Tana na Athi, iliyoundwa mwaka 1974, ina hoteli kando yake. Wageni hupanda mashua, hutazama ndege, viboko na mamba, na hula samaki wa pale pale. Karibu na maji ya Kamburu iko Hifadhi ya Mwea, iliyotengwa mwaka 1976, yenye ndovu na twiga.

Hayo ni mema, wala hatuyakatai. Lakini wako watu ambao mgeni hawaoni kutoka kwenye ukingo. Wa kwanza ni Wakamba na Wambeere waliolima na kuchunga katika bonde lililofunikwa, wakahama ili wengine wapate taa. Wa pili ni Wapokomo na Waorma wa Tana ya chini. Wapokomo walipanda mpunga kwa kufuata mafuriko ya mto, na Waorma walinywesha ng'ombe wao huko. Mafuriko ya kawaida yamepungua tangu mabwawa yajengwe. Nayo maji yakizidi kipimo, kama mwaka 2018 na mwaka 2024, mafuriko huharibu mashamba na nyumba.

Wa tatu ni wakulima wa milimani. Mvua huchukua udongo wao na kuushusha ziwani, nao umezidi kiasi kilichotazamiwa na wajenzi. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki chajazwa matope. Ghala ikipungua, kiangazi hutuumiza upesi zaidi. Mwaka 2009 maji yalishuka hata mashine za Masinga zikasimamishwa.

Basi twawasihi wanachama wenye mashamba huko juu wachimbe matuta na kupanda nyasi na miti kando ya vijito, kwa maana jembe lao lalinda umeme wa nchi nzima. Tena, kwa kuwa bwawa jingine kubwa, High Grand Falls, limezungumzwa kwa miaka mingi, twaomba wazee wetu wasimame imara katika mabaraza. Kabla ya maji kuzuiwa, wenye bonde waonyeshwe ardhi watakayopewa pamoja na hati zake, na watu wa chini waulizwe watapata maji kiasi gani, na wakati gani. Mto ni mmoja, na wenyewe ni wengi.