Historia ya Maji ya Ziwa Viktoria

Ndugu walimu, waulizeni wanafunzi wa hapa Namatala maji ya mto wao huishia wapi. Wengi hujibu bila kusita: Ziwa Viktoria. Sivyo. Mto Namatala hushuka kutoka Mlima Elgon, hupita Mbale, huingia katika vinamasi vya Mpologoma na kuishia Ziwa Kyoga. Huko ndiko ukutanako na maji ya Viktoria, yaliyokwisha kutoka Jinja kwa Mto Naili.

Habari za ziwa hilo kubwa zilijulikana zamani. Mwaka 1857 Snay bin Amir, mfanyabiashara Mwarabu aliyekaa Kaze, karibu na Tabora ya leo, alimweleza Burton juu ya ziwa la kaskazini lililo kubwa kuliko Tanganyika. Speke aliliona Mwanza mwaka 1858, na Julai 1862 akayaona maji yakitoka Jinja. Vitabu vyetu husema “aligundua”. Mimi darasani husema “alifika”, maana Waganda walikwisha kuliita Nalubaale, na Wajaluo Nam Lolwe.

Eneo lake hukaribia kilomita za mraba 69,000, na hakuna ziwa Afrika lilipitalo. Lakini kina chake hakizidi sana mita 80, hali Tanganyika hupita mita 1,400! Tanganyika limo ndani ya Bonde la Ufa. Viktoria limetanda kama maji katika sinia, kati ya matawi mawili ya bonde hilo. Hapo kale mito kama Kagera na Katonga ilielekea magharibi. Ardhi ya upande huo ilipoinuka, yapata miaka 400,000 iliyopita, maji yalizuiliwa yakaenea. Tena wataalamu waliotoboa matope ya chini wamekuta dalili kwamba ziwa lilipata kukauka, likajaa upya yapata miaka 15,000 iliyopita. Mwanafunzi aliyezoea kuliona kama bahari huwa mgumu kulisadiki hilo, wala simlaumu.

Chakula chake kikubwa si mito, bali ni mvua iliyangukiayo lenyewe, kadiri ya sehemu nne katika tano za maji yaingiayo. Jua nalo hunywa mengi kuliko yale yaendayo Naili. Kwa hiyo mvua ikizidi, ziwa hupanda upesi: kati ya 1961 na 1964 lilipanda zaidi ya mita 2, na Mei 2020 likakipita kidogo kimo cha 1964, likawahamisha watu wa ufukweni.

Zamani mwamba wa Maporomoko ya Ripon ndio uliokuwa mlinzi wa mlango. Mwaka 1954 bwawa la Owen, liitwalo sasa Nalubaale, lilifunguliwa na mwamba ukazama. Tangu hapo binadamu ndiye afunguaye na kufunga. Mwaka 2020 maji mengi yaliachiliwa Jinja, nayo Kyoga, ambalo kina chake ni kifupi mno, likafurika kingo zake. Ndilo ziwa lile lile lipokealo Namatala yetu.