Dereva na Lori Lake

Neno "langu" katika Kiswahili lina maana mbili ambazo hatuna desturi ya kuzitenga. Mtu husema "shamba langu" kwa sababu amelinunua au amelirithi, na aweza kuliuza. Lakini mwalimu husema "darasa langu", na baharia husema "jahazi langu", ingawa hakuna awezaye kuuza alichokitaja. Maana ya kwanza ni ya mali. Ya pili ni ya dhamana. Insha hii yahusu maana ya pili, kama ilivyokaa kinywani mwa madereva wa malori.

Nilikutana nayo Tlawi, katika wilaya ya Mbulu, siku moja ya kiangazi. Lori lilikuwa likipakiwa magunia ya vitunguu saumu, na dereva wake, mtu wa makamo, alikuwa akifuta vumbi katika kioo kwa kitambaa alichokitoa mfukoni mwake. Nilimwuliza lori lile ni la nani. "Langu, mwalimu," alijibu pasipo kusita. Baadaye nilipata kujua kwamba mwenye lori alikuwa mfanyabiashara wa mjini, na kwamba dereva hakuwa na hata tairi moja katika yale yaliyolichukua. Hata hivyo sikuweza kusema kwamba alinidanganya. Jibu lake lilikuwa na historia ndefu kuliko historia ya motokaa.

Kabla ya gurudumu, bidhaa za bara zilisafiri juu ya mabega ya watu. Katika karne ya 19 wapagazi, na hasa Wanyamwezi, walichukua pembe za ndovu hadi pwani na kurudi na nguo na shanga. Mzigo wa kawaida ulikuwa karibu frasila 2, yaani yapata kilo 32. Pembe kubwa zilizidi uzito huo, na wale waliozibeba walijihesabu kuwa bora katika msafara wote. Kijana wa Unyamwezi aliyefika pwani na kurudi alionekana kuwa amekuwa mwanamume. Pembe hazikuwa mali yao, wala faida yake haikuwa yao. Lakini heshima ya kuzifikisha salama ilikuwa yao, na hapana tajiri aliyeweza kuwapokonya.

Malori yalikuja kwa wingi pamoja na Vita Kuu ya Kwanza. Mnamo Aprili 1916 jeshi la Jenerali van Deventer lilipita Lolkisale na Ufiome, chini ya nyanda za juu za Mbulu, likaitwaa Kondoa Irangi. Mara masika yakafunga njia. Magari yalizama katika tope, farasi walikufa kwa wingi, na askari wakarudi kutegemea vichwa vya wapagazi. Jina la kikosi cha wachukuzi wa vita ile limebaki katika Kariakoo ya Dar es Salaam. Yaliyotokea yalionyesha mapema kwamba lori peke yake si kitu. Lilihitaji mtu ajuaye lini lipite na lini lingoje, na mtu huyo hakuwa mshika usukani tu.

Katika Mbulu ujuzi huo ulikuwa sharti la uhai. Atokaye huko kwa njia ya Magara hana budi kushuka ukuta wa Bonde la Ufa mpaka tambarare ya Ziwa Manyara, ndipo aifikie barabara ya Babati na Arusha penye Mbuyu wa Mjerumani. Udongo wa juu huteleza wakati wa mvua, na mteremko hausamehe kosa. Breki zikitumiwa mfululizo hupata moto, na zikipata moto hazishiki tena. Kwa hiyo madereva wa zamani walifuata kanuni moja: mlima ushukwe kwa gia ile ile ambayo ungepandwa nayo. Dereva alisikiliza injini kama mganga asikilizavyo kifua cha mgonjwa. Utingo alikaa tayari na gogo la kuzuia gurudumu, akiruka chini lori lilipopungukiwa na nguvu katika mwinuko. Utingo huyo aliosha lori, akalala chini yake, akajua kila mlio wake, na baada ya miaka akapewa usukani. Upendo wake kwa lori ulianza katika utumishi.

Barabara hiyo ya Babati ni sehemu ya ile iliyoitwa Barabara Kuu ya Kaskazini, itokayo Arusha kupitia Kondoa, Dodoma na Iringa hadi Tunduma. Huko kusini ndiko fahari ya madereva wa Tanzania ilikopata jaribio lake kuu. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na Zambia ikawa hatarini kukosa mafuta na njia ya kupitishia shaba. Mwaka 1966 serikali za Zambia na Tanzania, pamoja na kampuni ya Kiitalia, ziliunda shirika la malori lililoitwa Zambia-Tanzania Road Services. Malori yalipeleka mafuta Zambia na kurudi Dar es Salaam na shaba, katika njia iliyokuwa ya vumbi kiangazi na tope masika. Wageni waliiita njia ya jehanamu, na mabaki ya magari mabondeni yaliwashuhudia ukweli wa jina hilo. Bomba la mafuta lilifunguliwa 1968, na reli ya TAZARA ikakabidhiwa 1976. Kabla ya hapo, uhuru wa taifa jirani ulitegemea kwa sehemu kubwa watu waliokesha wakikaza nati kando ya njia.

Kisha zikaja shida za nyumbani. Katika Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 malori ya mashirika na ya watu binafsi yalitwaliwa kubeba askari na vyakula. Miaka iliyofuata fedha za kigeni ziliadimika, na vipuri pamoja nazo. Springi iliyovunjika iliungwa, tairi likatiwa viraka juu ya viraka. Lori lililopaswa kufa liliendelea kutembea kwa sababu mtu mmoja alijua hila zake zote. Wakati huo dereva na lori walikuwa kama mtu na nduguye mgonjwa: hakuna mwingine aliyejua dawa.

Lugha imehifadhi ukaribu huo. Twasema gari "limechoka", "linakula tairi", "linakunywa mafuta", na injini "imekufa". Twasema "kichwa" cha lori, nalo lina jina na methali zilizoandikwa nyuma yake, kama khanga ilivyo na maneno yake. Maneno yenye asili ya ng'ambo, kama gia, breki na klachi, yameingia katika usemi huo yakawa viungo vya kiumbe anayeugua na kupona.

Hata hivyo haifai tuisifu fahari hii bila kuipima. Imewaua baadhi ya wenyewe, waliokataa kusimama usiku kwa kuona haya ya kuchelewa. Tena imewafaa matajiri kupita kiasi. Mtu aitaye lori la mwingine "langu" hulifulia turubai bila malipo, hulilinda usiku bila malipo, na akizeeka huondoka na kitambaa chake tu. Fahari yake imeziba pengo ambalo haki ilipaswa kuliziba kwa ujira.

Leo njia zimebadilika. Lami kutoka Dodoma hadi Babati ilizinduliwa 2018, na sehemu za mteremko wa Magara zimesakafiwa zege. Tajiri aweza kukaa ofisini akaona lori lake lilipo na mwendo wake. Hayo yameokoa maisha, nasi hatuyalalamikii. Lakini maarifa ya wale waliosikiliza injini yanakwisha pamoja nao. Mwanafunzi atakaye kuandika habari za njia ya Zambia atapata hotuba za mawaziri na hesabu za tani za shaba; sauti ya aliyezibeba hataipata katika majalada. Imo katika vifua vya wazee wachache, Tlawi na Tunduma na kwingineko. Wafaa waulizwe wangali hai, na aulizaye asianze kwa kuuliza lori lilikuwa la nani.